Mwalimu Asiyemjua Mtoto

Katika vyuo vya ualimu vya Tanzania mwanafunzi wa ualimu hufundishwa kuandika azimio la kazi na andalio la somo, kutumia ubao, kutunga mtihani na kutunza daftari la mahudhurio. Hufundishwa pia saikolojia ya mtoto. Lakini mtoto huyo wa kitabuni hana kabila, hana lugha ya mama, hana bibi aliyemlea kwa hadithi, wala hana ndama wa kuchunga kabla ya kengele ya asubuhi. Hukua kwa hatua zilizopimwa na wataalamu wa Uswisi na Marekani, na hatua hizo ni zile zile kwa watoto wote wa dunia. Kisha mwanafunzi huhitimu, hupewa barua ya kituo cha kazi, hupanda basi, na kushuka Mbulu, au Longido, au Meatu. Mtoto anayemkuta darasani siye yule wa kitabuni. Hapo kazi yake inaanza, na hapo hapo mafunzo yake yanakoma.

Wako wasemao kwamba kasoro hii ni ndogo, na kwamba mwalimu mwenye bidii atajifunza taratibu mambo ya watu wa mahali alipopelekwa. Lakini tabibu hafundishwi mwili wa mgonjwa baada ya kukabidhiwa kisu. Kazi huitwa ya ustadi kwa sababu mwenye kazi anakijua kile anachokishika. Seremala huujua mti, mvuvi huijua bahari. Na mwalimu, ikiwa ana ustadi wowote ulio wake peke yake, budi amjue mtoto. Hesabu inajulikana vizuri zaidi na mwanahesabu, na historia na mwanahistoria. Kilicho cha mwalimu ni kuichukua hesabu na kuifikisha kwa mtoto huyu, aliyelelewa hivi, asemaye lugha hii. Ujuzi huo ukiondolewa, ualimu hubaki mshahara na fimbo.

Nchi hii ina lugha zaidi ya 120. Nyingi ni za Kibantu, jamaa za Kiswahili. Lakini zimo za Kinailoti, kama Kimaasai na lugha ya Wabarbaig, zimo za Kikushi, kama Kiiraqw, na zimo za Wasandawe na Wahadzabe zenye sauti za vidoko. Tofauti hizi si mapambo ya ramani, kwa maana zinaingia darasani pamoja na mtoto. Mtoto wa Kisukuma asemaye nyumbani munhu na banhu, akisikia mtu na watu, haoni ajabu kubwa. Ngeli anazo kichwani tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake, na kazi yake ni kubadili vazi la neno. Mtoto wa Kiiraqw hana ngeli za namna hiyo. Lugha yake hugawa majina kwa jinsia, na kitenzi hupenda kukaa mwisho wa sentensi. Mtoto wa Kimaasai naye amezoea kukisikia kitenzi kikitangulia. Kiti kikubwa, viti vikubwa, mti mkubwa, miti mikubwa: kwa hawa wawili huo ni mlima wa kupandwa kwa mikono na magoti, na kwa yule wa kwanza ni kilima cha kupitia njiani. Wote watatu hupewa kitabu kimoja, siku moja, na mwalimu mmoja aliyefundishwa kwamba Kiswahili ni lugha ya kila mtoto. Mwisho wa mwaka mmoja huitwa hodari na wawili huitwa wazito. Uzito huo ni wa nani?

Hata kati ya jamaa wa Kibantu mambo ni hivyo hivyo kwa kiasi chake. Lugha nyingi za bara hazitengi l na r kama Kiswahili kinavyozitenga, na mtoto aandikaye karamu akitaka kalamu hakukosa akili. Ameandika alichosikia kwa sikio alilopewa na wazazi. Mwalimu aliyeelimishwa ataona chanzo cha kosa, ataandaa mazoezi ya kulifundisha sikio, na kosa litapungua. Mwalimu asiyeelimishwa atacheka, na darasa zima litacheka naye. Mtoto hatajifunza r, atajifunza kunyamaza.

Hoja kubwa inayoletwa dhidi ya maneno haya ni ya umoja, na ni hoja ya heshima. Mzanaki aliyepata kuwa mwalimu Tabora na Pugu aliongoza nchi ambayo watu wake waliweza kuzungumza wao kwa wao bila mkalimani, na tangu 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma nchini kote. Mwalimu kutoka Bukoba alipelekwa Lindi, wa Moshi akapelekwa Rukwa. Wakaoa, wakaolewa, wakazikana. Nchi jirani zimeonja uchungu wa ukabila, na mwenye akili timamu hatamani kuonja. Yote hayo ni kweli. Lakini ni umoja gani huu unaohitaji kwamba mwalimu asijue lugha ya mwanafunzi wake? Umoja wa watu wanaojuana ni imara kuliko umoja wa watu waliofichana. Kumwambia mwalimu kwamba Mbarbaig ana sarufi yake si kumwambia Mbarbaig ajitenge. Tena inafaa kulitazama lile neno lenyewe, kilugha, linalotumika nchini kwa lugha yoyote ya wenyeji isiyo Kiswahili. Lugha ya Wasukuma, kabila lililo kubwa kuliko yote nchini, hupachikwa ki- ya udogo na kuwekwa kando, na mtoto aisemaye uwanjani huadhibiwa. Wasomi wa Chuo Kikuu hawa hawa huwasomesha wanafunzi wao kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o cha 1986, chenye habari ya watoto wa Kikuyu walioadhibiwa shuleni kwa kusema lugha yao, na wote husikitika sana. Masikitiko huishia kwa Mwingereza.

Hapa ndipo wenye Kiswahili wanapostahili kuulizwa kwa ukali kuliko wengine. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika sekondari. Serikali haikufuata. Tangu hapo wataalamu wa Kiswahili wameandika kwa wingi kwamba mtoto hawezi kufikiri katika lugha asiyoijua. Kwamba Kiingereza humfanya akariri asichokielewa. Kwamba kunyamaza kwake darasani si ujinga bali ni kunyang'anywa ulimi. Hoja hii ni ya kweli kabisa. Nayo ukweli wake hauanzii kidato cha kwanza. Mtoto wa Kihadzabe anayeingia darasa la kwanza katika bonde la Eyasi yuko mbele ya Kiswahili kama mtoto wa Dar es Salaam alivyo mbele ya Kiingereza, ila yeye ni mdogo zaidi, na nyumbani kwake hapana redio wala duka la vitabu la kumsaidia. Anayeitumia hoja hii kwa kidato cha kwanza na kuikataa kwa darasa la kwanza haitetei elimu ya mtoto. Anatetea lugha yake mwenyewe, na lugha hiyo haina haja ya utetezi wa namna hiyo.

Wala haidaiwi hapa kwamba Kiswahili kiondolewe katika madarasa ya chini. Ethiopia, kwa sera yake ya 1994, ilichagua kufundishia kwa lugha za wenyeji, na vyuo vya ualimu vya Oromia vikaanza kuandaa walimu kwa Kioromo. Hiyo ni njia yao, na ina gharama zake. Kinachodaiwa ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: kwamba vyuo vya Tanzania vikubali kuwa Kiswahili ni lugha ya pili kwa watoto wengi wa vijijini, na kwamba kufundisha lugha ya pili ni ustadi mwingine, wenye mbinu zake. Uzushi uko wapi? Wageni wajao kujifunza Kiswahili Dar es Salaam na Zanzibar hufundishwa kwa ustadi huo kila mwaka, kwa vitabu maalumu na waalimu waliozoea. Mtu mzima kutoka Ujerumani huhurumiwa katika ngeli. Mtoto wa Longido hapewi huruma hiyo.

Badala yake vyuo hupewa ubunifu. Tangu 2005, ulipoanza mtaala wa kujenga umahiri katika sekondari, hadi shule za msingi zilipofuata, walimu wameelezwa kwamba mwanafunzi awe kitovu cha somo. Maneno ni mazuri. Katika semina huletwa bango kitita na kalamu za rangi, washiriki hukaa katika makundi, hula chakula cha mchana, na hurudi vituoni wakiwa na cheti cha mahudhurio. Kisha watoto nao hukalishwa katika makundi. Mtoto asiyejua lugha ya mazungumzo hana la kuzungumza. Aliyenyamaza katika safu hunyamaza katika duara. Madawati yamehama, na kile kilichomnyamazisha kimebaki palepale. Ubunifu unaokuja ukiwa umefungwa tayari, mwalimu akabakia kuufungua tu, si wake, na siku wafadhili wakiondoka huondoka nao.

Upo ubunifu wa aina nyingine nao haufai. Mwaka 1928 ilifunguliwa shule ya Malangali, nyanda za juu za kusini, chini ya Mwingereza W. B. Mumford. Wazee waliitwa kufundisha mila, vijana wakacheza ngoma na kutupa mikuki ndani ya ratiba ya masomo. Jaribio hilo halikudumu. Wazazi hawakumpeleka mtoto shule ili akafundishwe na serikali mambo ambayo nyumbani angefundishwa bure, na mashaka yao kwamba wanapewa elimu ya chini hayakuwa ya kipumbavu. Utamaduni uliletwa kama maonyesho. Mtindo huo haujafa: shule nyingi hucheza ngoma ya wenyeji siku ya wageni, na kesho yake mwenye kusema lugha ya ngoma ile huchapwa.

Mfano mzuri zaidi ni mdogo, nao hauna wageni. Mwaka 1958 P. H. Gulliver aliandika katika Tanganyika Notes and Records namna Waarusha wanavyohesabu kwa vidole, kila idadi ikiwa na ishara yake. Mtoto wa jamii hiyo anaweza kuja shuleni akiwa ameshika idadi mkononi kabla ya kulijua jina lake kwa Kiswahili. Mwalimu ajuaye hayo ana daraja la kuvukia: ataanza na ishara, ataweka neno la Kiswahili juu yake, kisha ataandika tarakimu ubaoni. Haihitaji fedha ya mfadhili wala bango kitita. Inahitaji mwalimu aliyefundishwa kutazama mikono ya watoto.

Watetezi wa hali ilivyo watasema kwamba heshima ya ualimu inashughulikiwa. Sheria ya 2015 iliunda Tume ya Utumishi wa Walimu, na ile ya 2018 iliunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, yenye kusajili na kutoa leseni. Ni vema. Kazi isiyo na mlango huingiwa na kila mpita njia. Lakini leseni huthibitisha kile kilichofundishwa chuoni, na kama chuo hakikufundisha kumjua mtoto, leseni itathibitisha kutomjua. Inachekesha kidogo kwamba wale wanaodharauliwa hadi leo kwa jina la walimu wa UPE, vijana wa darasa la saba waliochukuliwa baada ya Azimio la Musoma la 1974, walijifunza kazi wakiwa vijijini, ndani ya shule walizofundisha, na baadhi yao waliijua lugha ya watoto wale. Elimu yao ilikuwa pungufu, wala haifai kusifiwa kupita kiasi. Hata hivyo walikuwa na kitu ambacho wenye stashahada leo hawapewi.

Kukipata si kazi ya miaka kumi. Mazoezi ya kufundisha yapo tayari. Mwanafunzi wa ualimu apelekwe mahali ambapo lugha si yake, akae majuma ya kutosha, akaribishwe nyumba kadhaa za wanafunzi wake. Arudi na daftari: maneno mia ya lugha ile, makosa ya Kiswahili aliyoyasikia na sababu zake, michezo, namna ya kuhesabu, kazi za watoto asubuhi na jioni. Mkufunzi alisahihishe daftari hilo kwa ukali ule ule anaosahihishia andalio la somo, na asiyelileta asihitimu. Baada ya miaka mitano kila chuo kitakuwa na kabati la madaftari hayo, yaliyoandikwa na Watanzania kuhusu watoto wa Kitanzania, na mkufunzi wa saikolojia atakuwa na kitu cha kufundishia.

Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Mtoto aliyenyamazishwa darasa la kwanza hataruhusiwa tena kutoroka mapema. Atakaa mbele ya mwalimu wake miaka yote hiyo, na vyuo vinavyomwandaa mwalimu huyo vinadahili wanafunzi wapya mwaka huu.