Tuchore Nini Ukutani?



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya ukuta wa bwalo, maana ubishi wake umeingia hata mabwenini.

Wasomaji wajua ya kwamba muhula uliopita tulikwenda Kolo, wilaya ya Kondoa, kuona michoro ya kale ya miambani. Njia yatoka Babati kuelekea kusini, kisha kilima hupandwa kwa miguu. Nakiri ya kwamba nilipofika juu niliona mawe tu. Nilipotulia ndipo walipoanza kutokea: twiga, pofu, tembo, na watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa, kwa rangi nyekundu ya udongo. Bibi Mary Leakey alikaa huko miezi mitatu mwaka 1951 akizinakili picha hizo, na mwaka 2006 UNESCO iliziandika katika Urithi wa Dunia.

Tuliporudi, chama chetu cha sanaa kilipewa ukuta wa bwalo. Wenzangu wengi wataka twiga wa Kolo ahamishwe kama alivyo. Wasema hiyo ndiyo heshima kwa wazee wa kale.

Mimi sikubali. Aliyechora twiga alimwona twiga. Sisi tumeona nini? Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na Gendabi, wakafa watu zaidi ya 80. Bwenini kwetu yupo aliyempoteza bibi yake siku ile. Si msemaji. Siku moja nilimkuta nyuma ya jiko akichora kwa mkaa: watu wembamba warefu, mikono juu, na mstari mnene ukipita kati yao. Mkono ni wa Kolo, jambo ni letu. Nilimwuliza kama yafaa kuchorwa ukutani. Akasema yafaa, ila bibi asiwekwe ndani ya matope. Asimame juu, pembeni, na kibuyu chake.

Mzazi mmoja amesema mahali pa kulia si mahali pa kuwekea msiba. Hoja hiyo ni nzito kuliko ya twiga, nami nimeifikiri sana. Lakini msiba huo twakaa nao mezani kila siku, ila hautajwi.

Wala si jambo geni kuchukua cha kale na kutoa kipya. Mhunzi wa Kibarbaig huyeyusha kufuli mbovu na koki za bomba, akafua bangili ya namna ya wazee wake, na hakuna amwambiaye ya kwamba amewavunjia heshima. Bwana Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu, mmoja wa walioanzisha Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965, aliwakataza wachoraji kuigiza kazi za wengine. Angeuona ukuta wetu na twiga wa kunakiliwa, sidhani angesimama hapo muda mrefu.

Ukuta umekwisha kupakwa chokaa. Udongo mwekundu tumechimba kando ya shamba la shule, nao tutauchanganya na gundi, kwa kuwa mafuta ya jikoni tumenyimwa. Kura itapigwa Jumamosi baada ya usafi. Twiga nitamwachia nafasi karibu na dirisha, wenzangu wakikubali bibi asimame upande wa mlango.