Paybill Si Leseni

Waulize vijana wa boda pale Keroka kama Aviator, ule mchezo wa kandege kwenye simu, ni halali. Watakutazama kama mgeni wa juzi. "Si iko na Paybill?" Mwingine ataongeza kwamba hutangazwa redioni, kwa Ekegusii safi kabisa, na wa tatu atakukumbusha kwamba KRA, mtoza ushuru, hukata chake. Hoja hizo tatu zimegeuka sheria ya kamari kwetu Kisii na Nyamira, toka Suneka hadi Nyansiongo. Hakuna hata moja inayosimama.

Paybill ni namba ya kupokelea pesa. Haimwambii mtu yeyote kwamba mwenye nayo amekaguliwa kuhusu kamari. Julai 2019, Bodi ya Kudhibiti Kamari ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, SportPesa ikiwemo, kisha ikalazimika kuiandikia Safaricom izizimie Paybill. Hebu lifikirie hilo: leseni imeshakwisha, na pesa bado zinaingia. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo alikuwa Fred Matiang'i, mwana wa Borabu, yule yule aliyeamuru mashine za kamari za sarafu zikusanywe vijijini na kuteketezwa. Tulishangilia moshi, tukarudi nyumbani na kasino mfukoni.

Tangazo la redio nalo linathibitisha kitu kimoja tu: kuna aliyelipia. Aprili 29, 2025, Bodi ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Michezo yenyewe haikusimama. Na kodi? Tangu Julai 2025, ukiweka shilingi 100 kwenye akaunti ya kamari, shilingi 5 ni ushuru kabla hujagusa kitufe. Mtoza ushuru anahesabu pesa. Kukagua leseni ni kazi ya ofisi nyingine.

Hapo utaambiwa, "Lakini kampuni hii ina leseni." Sawa, na ziko nyingi zenye leseni halisi. Leseni ya nini? Hata ile sheria ya 1966, iliyoandikwa kabla ya intaneti, ilitenganisha leseni ya kupokea dau la mechi na leseni ya kuendesha michezo ya kasino. Kuweka mia juu ya timu ya Shabana ni jambo moja. Kukisia kandege kitatoweka sekunde gani ni jambo lingine, maana hapo hakuna timu, hakuna refa, kuna programu tu. Mchezaji anayesema "wana leseni" hajawahi kuuliza swali hilo, na kampuni haina haraka ya kumfundisha.

Marekani wamefika mbali zaidi katika ujanja wa kukwepa swali hilo. Kule unauziwa sarafu za mchezo zisizo na thamani, unapewa nyingine "za bure" ambazo zikishinda hubadilishwa kuwa dola, kisha wakili anaapa kwamba hiyo si kamari, ni zawadi za kukuza biashara. Montana ilipiga marufuku mtindo huo mwaka 2025, na California ikapitisha sheria ya kuuzima kuanzia Januari 1, 2026. Wabunge wao walitazama pesa inaingia wapi na inatoka wapi, jina wakaliacha pembeni. Bonasi za "bure" zinazomwagwa kwenye simu zetu zingepaswa kutazamwa kwa jicho hilo hilo.

Agosti 2025 Rais Ruto alitia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966 na kuitambua kamari ya mtandaoni waziwazi. Basi viongozi wetu wa kaunti wakajikunja: hayo ni ya Nairobi. Si kweli. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja kamari na kasino mara mbili, upande wa serikali kuu na upande wa kaunti. Seva haziko Kisii wala Nyamira, nakubali, na hakuna askari wa kaunti atakayezifunga. Lakini vibanda vya kubashiria viko Daraja Mbili na Kebirigo, mabango yako barabarani, na mtoto wa chini ya miaka 18 anacheza kamari kwa simu ya babake sebuleni kwetu.

Wawakilishi wa wadi wa kaunti zote mbili watuoneshe mswada wao, ukiwa na ada, mipaka ya mabango na umbali wa kibanda na shule. Bonasi ya wakulima wa majani chai ikilipwa, kampuni za kamari hazitahitaji kuambiwa tarehe.