Vuli ya Ugenini na Kitabu cha Picha

Mtoto hutazama kabla ya kusoma, na husikia kabla ya kusema. Kitabu cha picha kilicho chema kimejengwa juu ya ukweli huo: picha hulishughulikia jicho, na sauti ya mtu mzima hulishughulikia sikio. Kitabu kimoja, watu wawili, kiti kimoja. Hapana shule iliyo nyepesi kuliko hiyo, wala yenye ada ndogo kuliko hiyo. Walakini katika nyumba nyingi za wasemaji wa Kiswahili waliohamia Uingereza, Marekani na Kanada, shule hiyo ama imefungwa ama imepangishwa kwa lugha nyingine. Kitabu huingia mlangoni kwa Kiingereza, husomwa kwa Kiingereza kikibahatika kusomwa, na hurudi maktaba kwa Kiingereza. Mzazi hukaa kando kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Kosa hili si la kitabu, wala si la mtoto. Ni la mzazi, nalo hudhihirika zaidi katika miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba, majani yanapopukutika na mchana unapopungua, majira ambayo wafasiri wengi huyaita vuli.

Majira hayo yangeweza kuwa msaada mkubwa. Dar es Salaam, tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kwa mwaka mzima haifiki saa moja. London, mchana wa katikati ya Septemba hupita saa 12, na mwisho wa Novemba umebaki saa 8 na dakika chache. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zote hurudishwa nyuma, na tangu siku hiyo jua huchwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Mvua, ukungu na baridi humrudisha mtoto ndani mapema. Watu wa nchi za namna hiyo hawakuliacha giza hilo lipite bure. Marekani ilianzisha Wiki ya Vitabu vya Watoto mwaka 1919, nayo kwa miaka mingi iliadhimishwa Novemba hata ilipohamishiwa Mei mwaka 2008. Japani imekuwa na wiki ya kusoma tangu 1947, na tarehe zake zilizozoeleka ni 27 Oktoba mpaka 9 Novemba. Katika Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 1964 iliwajibisha serikali za mitaa kuwapa watu huduma ya maktaba, na kuazima kitabu hakudai hata senti. Mjini Birmingham mwaka 1992 ulianza mpango wa kuwapa watoto wachanga vitabu bure, nao ukaenea nchini. Kwa hiyo usiku upo, kitabu kipo, na bei haipo. Kilichopungua ni ulimi wa mzazi.

Vitabu vyenyewe si vya kudharauliwa. Mwaka 1903 Beatrix Potter alitoa hadithi ya Nutkin, kindi mtundu. Vuli ikifika, Nutkin na wenzake hujifungia mashua za vijiti, hutanua mikia yao iwe matanga, na huvuka ziwa kwenda kuokota njugu za mwituni katika kisiwa cha bundi mzee. Wenzake humpelekea bundi zawadi kwa adabu. Nutkin humchezea bundi kwa vitendawili vya kebehi, na mwisho wake hupoteza mkia. Mwaka 2005 Lois Ehlert wa Marekani alitoa kitabu cha mtu wa majani, ambaye upepo humchukua juu ya kuku, mabata, maboga na ng'ombe. Picha zake zilitokana na majani ya kweli yaliyookotwa chini ya miti, na kingo za kurasa zimechongwa hata zikafanana na vilima vilivyopangana. Kazi kama hizi ni sanaa iliyokamilika, na mtoto aliyezizoea hujifunza kutazama kwa makini kabla hajajua kwamba anafundishwa.

Hapa ndipo penye hoja. Picha haina lugha. Kindi aliyechorwa na Mwingereza si kindi wa Kiingereza. Ni kindi, na yeyote amtazamaye ana haki ya kumwita kwa jina alilo nalo. Ushahidi upo katika kitabu cha Pat Hutchins cha mwaka 1968, kinachomhusu kuku aitwaye Rosie. Maneno yake yote ni 32, nayo husema tu kwamba kuku alikwenda kutembea akarudi kwa wakati wa chakula. Mbweha anayemnyemelea nyuma kutoka ukurasa wa kwanza, akianguka dimbwini na kufukiwa na unga, hakutajwa katika maneno hata mara moja. Anaonekana katika picha tu. Basi nusu kubwa ya hadithi hiyo haikuandikwa kwa lugha yoyote. Inamngoja asimulie anayeijua. Mzazi asemaye, "Tazama, mbweha huyo! Atamkamata? Loo, ametumbukia!" hakutafsiri neno la mtu. Ametunga hadithi iliyoachwa wazi, na ameitunga kwa Kiswahili.

Kiswahili nacho si maskini mbele ya picha hizo. Jani moja katika ukurasa mmoja laweza kunyauka, kukauka, kupukutika, kupeperuka, kutua na kuoza: vitenzi sita kabla ukurasa haujafunuliwa. Mnyama mdogo mwenye miiba, anayejikunja kama mpira katika picha nyingi za vuli, ana jina zuri la kalunguyeye, na mtoto alisikiapo mara moja hutaka kulitaja siku nzima. Vitendawili vya Nutkin ni vigumu kufasiriwa. Lakini nani alisema vifasiriwe? Ukurasa huo ukifika, mzazi na aseme, "Kitendawili!" na mtoto ajibu, "Tega!" kisha vitegwe vitendawili vya Lamu, Unguja au Bagamoyo mbele ya bundi yule yule. Bundi hatalalamika.

Wapo watakaopinga. Wa kwanza husema kwamba mtoto atachanganyikiwa akisikia lugha mbili, na kwamba Kiswahili cha nyumbani kitamrudisha nyuma darasani. Dai hili limeishi kuliko linavyostahili. Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, alieleza mwaka 1979 kwamba ujuzi wa lugha ya kwanza na ujuzi wa lugha ya pili hutegemeana, si kunyang'anyana. Mtoto aliyejifunza kwa Kiswahili kufuata kisa, kubashiri litakalotokea na kueleza sababu, haanzi upya aingiapo katika Kiingereza. Huhamia na mizigo yake. Isitoshe, Kiingereza hakihitaji kutetewa na mzazi: kina mwalimu, kina uwanja wa michezo, kina televisheni na kina mtaa mzima. Kiswahili katika nyumba hiyo kina watu wawili au watatu. Mwenye jeshi hahitaji kuazimwa askari na mwenye mlinzi mmoja.

Wa pili husema kwamba mambo ya vitabu hivyo ni mageni: mialoni, ukungu, kindi wa mashua, majani mekundu. Hujiona wamelinda utamaduni kwa kuvikataa. Lakini mtoto huyo anayakanyaga majani hayo kila asubuhi aendapo shule. Kwake yeye ndiyo yaliyo karibu, na mvua za Tanga ndizo zilizo mbali. Lugha isiyoweza kutaja kilicho chini ya viatu vya mtoto itakuwa lugha ya kusalimia wakubwa tu, na lugha ya kusalimia tu iko ukingoni mwa kaburi. Neno vuli lenyewe hutoa somo zuri kwa mwenye kutaka kufundisha. Katika mwambao wa Afrika Mashariki vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati mbegu zinapoota na nyasi zinaporudi. Ugenini neno lile lile limepewa majira ya majani kuanguka. Mzazi na amwambie mwanawe kwamba katika mwezi mmoja vuli moja huvua miti nguo na vuli nyingine huivisha. Mtoto atakuwa amepata jiografia, lugha na fumbo kwa sentensi moja, na nchi ya wazee wake itakuwa imeingia katika kitabu ambacho haikuchorwa ndani yake.

Wa tatu husema kwamba vitabu vya picha ni vichezeo vya wasiojua kusoma. Mwaka 1658 Comenius alichapisha mjini Nuremberg kitabu cha kufundishia watoto ambamo kila jambo la ulimwengu lilipewa picha na maneno ya lugha mbili, Kilatini na Kijerumani. Mwalimu huyo hakuona aibu kuziweka lugha mbili chini ya picha moja, zaidi ya miaka 360 iliyopita. Aonaye aibu leo amechelewa sana kuzaliwa au amechelewa sana kufikiri.

Wa nne anastahili kujibiwa kwa upole, kwa sababu anasema kweli. Anasema hana wakati: analinda ghala usiku, au anahudumia wazee wa watu mpaka alfajiri, na akirudi nyumbani macho hayafunguki. Huyu haombwi saa nzima. Dakika kumi zatosha, na siku asipokuwapo, dada mkubwa aweza kushika kitabu. Bibi aliyeko Tanga au Mombasa naye aweza kuonyeshwa picha kwa simu ya video, akaisimulia kwa namna yake. Bibi hajapata kuona mwaloni. Atauita mti tu, na atakuwa hajakosea.

Aibu kubwa zaidi imo katika historia ya vitabu vyenyewe. Mwaka 1971 Muriel Feelings na msanii Tom Feelings walitoa Marekani kitabu cha picha cha kuhesabu kwa Kiswahili, Moja Means One, na mwaka 1974 wakatoa cha alfabeti, Jambo Means Hello. Picha za vyote viwili zilipata heshima ya Caldecott, cha kwanza mwaka 1972, cha pili mwaka 1975. Kwa sababu hiyo, wazazi Wamarekani ambao hawakupata kusikia Kiswahili vinywani mwa mama zao waliketi na watoto wao wakajikongoja kutamka moja, mbili, tatu. Wasio nacho walikitafuta katika kitabu ili wawape watoto wao. Walio nacho wanakificha mbele ya kitabu ili watoto wao wasikipate. Katika mambo haya mawili, ni lipi lililo la ajabu?

Wala haisemwi kwamba vitabu vya Kiswahili visitafutwe. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991, na tangu 2014 mradi wa African Storybook umeweka katika intaneti hadithi zenye picha, za Kiswahili zikiwamo, zisomwe bila malipo. Vitafutwe, visomwe, vinunuliwe. Lakini kungoja mpaka rafu ijae vitabu vya Kiswahili ndipo mtoto asimuliwe kwa Kiswahili ni sawa na kungoja mto ukauke ndipo uvukwe. Utoto haungoji.

Kila tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kanga huvaliwa na hotuba hutolewa katika miji mingi ya ugenini, na Kiswahili husifiwa kwa ufasaha mkubwa. Oktoba ikifika, msifu huyo huyo huketi karibu na mwanawe na kitabu kimefunguliwa, naye yu kimya, au anajikwaa katika Kiingereza cha kuazima ambacho mtoto humsahihisha. Lugha haiishi kwa sifa za siku moja ya Julai. Huishi kwa jioni sitini za vuli, mtu mmoja mkubwa na mmoja mdogo, juu ya ukurasa mmoja. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi; mtoto wa miaka minne akiachwa mpaka afike kumi na minne, Kiswahili kitakuwa kwake ni sauti za watu wazima chumba cha pili. Bibi atapiga simu, mtoto atasema "shikamoo," kisha simu itarudishwa kwa mama, kwa kuwa neno la pili halipo. Hapo hakuna aliyekufa, wala hakuna aliyegombana. Lakini ukoo umekatika.

Mwaka 1967 Leo Lionni alitoa kitabu cha picha kiitwacho Frederick. Panya wa shamba wanakusanya nafaka na majani makavu kabla ya baridi, na mmoja wao, Frederick, amekaa tu. Akiulizwa, husema kwamba anakusanya miale ya jua, rangi na maneno. Wenzake humdhania mvivu. Baridi inapokaza na chakula kinapokwisha, maneno yake ndiyo yanayowapa joto na moyo ndani ya ukuta wa mawe. Wazazi wengi wa ugenini ni panya hodari wa ile kazi ya kwanza: wanakusanya mishahara, makoti na ada, na hapana wa kuwalaumu kwa hilo. Lakini akiba ya maneno haikusanywi na mwajiri wala na mwalimu. Hukusanywa nyumbani, jioni, kabla ya baridi. Na mzazi atakayeikosa vuli hii asitegemee kwamba mtoto ataipata mahali pengine.