Nani Husema Hapana Moscow?

Machi 1999, Yevgeny Primakov, waziri mkuu wa Urusi, alikuwa angani juu ya Atlantiki akielekea Washington. Al Gore, makamu wa rais wa Marekani, akamjulisha kwa simu kwamba NATO imekaribia kuishambulia Yugoslavia. Primakov akaamuru ndege igeuzwe, akarudi kwao. Vladimir Putin alikuwa bado hajawa rais.

Tumeanzia hapo kwa makusudi. Wapo wanaoiona siasa ya nje ya Urusi kuwa hasira za mtu mmoja. Wengine, na hao ni wengi vijiweni kwetu, wanaiona kuwa jibu tu kwa kutanuka kwa NATO. Maelezo yote mawili hayatoshi. Uchungu wa kupoteza hadhi baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991 ulikuwapo tangu enzi za Boris Yeltsin, rais aliyemtangulia Putin. Primakov, alipokuwa waziri wa mambo ya nje, aliupa sura ya sera: dunia isiyoamrishwa na taifa moja, na ukaribu na China na India. Bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 2000, uchungu huo ukapata fedha.

Lakini uchungu na fedha havimlazimishi mtu kupigana. Vita vya Ukraine vilihitaji jambo la tatu, nalo ndilo kiini cha toleo hili: kutoweka kwa watu wanaoweza kumpinga rais. Februari 21, 2022, televisheni ya Urusi ilionyesha kikao cha Baraza la Usalama la nchi hiyo. Sergei Naryshkin, mkuu wa ujasusi wa nje, alibabaika mbele ya Putin, akatakiwa aseme waziwazi, akaishia kuunga mkono hata jambo ambalo hakuulizwa. Kama mkuu wa majasusi anatetemeka hivyo, mwanadiplomasia wa kawaida atashauri nini? Siku tatu baadaye Ukraine ikavamiwa.

Afrika Mashariki nayo iligawanyika. Machi 2, katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Kenya iliunga mkono azimio la kulaani uvamizi huo. Tanzania, Uganda na Burundi zikajizuia kupiga kura. Wengi waliotetea msimamo wa kujizuia walikumbusha deni letu kwa Moscow la enzi za ukombozi, la silaha na nafasi za masomo. Deni hilo ni la kweli, nasi tunaliheshimu. Ila silaha zile na nafasi zile za masomo zilitoka Muungano wa Kisovieti, na Ukraine ilikuwa jamhuri mojawapo ya muungano huo.