Nani Aliiweka Televisheni kwa Kichina?

Ndugu wafanyakazi wa mahoteli, leo nataka tuzungumze habari ya televisheni. Najua wako watakaosema kwamba tuna mambo makubwa zaidi, kama mishahara, na vibarua wanaofanya kazi miaka bila kuandikwa. Ni kweli. Lakini nimeshuhudia mwenzetu akipewa barua ya onyo kwa sababu ya lugha iliyotokea katika televisheni ya mgeni, na barua hiyo imo ndani ya faili lake mpaka leo. Jambo linaloweza kumtoa mtu kazini si jambo dogo.

Ilikuwa Januari 2024. Kampala ilikuwa na mikutano miwili mfululizo, ule wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote na ule wa Kundi la 77 na China, na wageni walitoka kila pembe ya dunia. Hotelini kwetu chumba kimoja kilikuwa na mgeni Mchina kwa siku nne. Akaondoka asubuhi, na jioni akaingia mzee mmoja kutoka Afrika Magharibi, msemaji wa Kifaransa. Kuwasha televisheni, Kichina kitupu, kuanzia salamu mpaka orodha ya stesheni. Akapiga simu chini. Mapokezi wakampigia mhudumu wa vyumba wa zamu. Mwenzetu akapanda, akabonyeza huku na huku, akashindwa, maana kila neno lilikuwa la Kichina, hata lile neno "lugha" lenyewe ambalo alikuwa akilitafuta. Mzee akakasirika, akaandika malalamiko. Kesho yake meneja aliuliza swali moja tu: "Nani aliiweka televisheni hii kwa Kichina?" Na kwa kuwa mtu wa mwisho kuingia chumbani kabla ya mgeni ni mhudumu, jibu likaonekana limekwisha kupatikana.

Yafaa tujue mtambo huu unavyofanya kazi, kwa sababu asiyejua hawezi kujitetea.

Katika hoteli nyingi ndogo televisheni ni zile zile za nyumbani, pamoja na king'amuzi chake. Hapo lugha ni tatu, si moja. Kuna lugha ya maandishi ya televisheni yenyewe, kuna lugha ya maandishi ya king'amuzi, na kuna lugha ya sauti ya matangazo, kwa maana stesheni ya kidijitali inaweza kuleta sauti zaidi ya moja kwa picha ile ile, na chombo huchagua kufuatana na jinsi kilivyopangwa. Mgeni akibadili moja, mbili zinabaki. Ndiyo sababu mhudumu anaweza kurudisha maandishi kwa Kiingereza, akadhani amemaliza, kumbe filamu inaendelea kusema Kireno.

Katika hoteli kubwa kama yetu mambo ni tofauti. Kuna mtambo mmoja katika chumba cha chini unaolisha vyumba vyote, nao umeunganishwa na kompyuta ya mapokezi. Karani anapomwandikisha mgeni huingiza jina lake, namba ya chumba, siku ya kuondoka, na lugha yake. Televisheni ya chumba hicho hupokea habari hizo na kumsalimu mgeni kwa jina na kwa lugha yake. Mgeni akiondoka na karani akamfunga katika kompyuta, televisheni hufutwa yote: jina, lugha, na akaunti za filamu alizofungua. Nafasi ya lugha ikiachwa tupu, mtambo huchukua ile iliyowekwa na mafundi siku ya kwanza, ambayo kwetu ni Kiingereza. Mgeni akiondoka bila kufungwa katika kompyuta, au waya wa chumba ukiwa na kasoro, televisheni hubaki na mambo ya mgeni wa jana.

Basi lugha huingilia mapokezi na hutokea mapokezi. Katika njia hiyo yote mhudumu wa vyumba hayumo hata mahali pamoja! Swali lililopaswa kuulizwa siku ile ni kwa nini chumba hakikufutwa asubuhi mgeni alipoondoka. Wala simlaumu karani. Basi la wajumbe linapofika usiku na makarani ni wawili, kila mgeni anataka ufunguo wake, na nafasi ya lugha ndiyo ya kwanza kurukwa kwa sababu kompyuta haiidai. Aliyepanga zamu ya makarani wawili usiku wa mkutano wa mataifa ndiye aulizwe.

Mtambo ulipofungwa, mafundi wa kampuni waliofunga walikaa siku mbili kuwafundisha watu. Waliofundishwa ni meneja, fundi wa umeme na makarani wa mapokezi. Sisi wa vyumba tuliambiwa tuendelee kutandika vitanda. Sasa mgeni akishindwa na rimoti, nani anaitwa? Tumelazimika kujifundisha wenyewe. Mwenzetu mmoja ana daftari dogo ndani ya toroli lake, ameandika hesabu za kubonyeza: kitufe chenye picha ya gurudumu la meno, chini mara tatu, kulia mara moja, chini tena, sawa. Kwa daftari hilo anaweza kuitoa televisheni katika lugha asiyoweza kusoma hata herufi moja yake. Ukiniuliza mimi, daftari lile ni kazi ya ufundi, na katika ofisi yoyote mtu angelipwa kwa kuliandika. Yeye aliambiwa asiweke makaratasi kwenye toroli.

Hesabu ya muda nayo ni rahisi. Mimi husafisha vyumba 14 kwa zamu. Nikitakiwa kukagua televisheni ya kila chumba kwa dakika 4 tu, hizo ni dakika 56. Karibu saa nzima ya kazi imeongezwa, na vyumba havikupunguzwa hata kimoja.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni simu za usiku. Saa nne, saa tano usiku, mgeni anapiga simu kwamba televisheni inasema Kiarabu naye hakijui. Fundi amekwenda nyumbani. Karani hawezi kuacha dawati. Anatumwa mhudumu wa zamu ya usiku, naye mara nyingi ni mwanamke, peke yake, kwenye ghorofa ambayo haina mtu mwingine. Anaingia chumbani kwa mwanamume aliyevaa taulo, mlango unajifunga nyuma yake kwa sababu milango yetu imetengenezwa ijifunge, na anatakiwa asimame pale, mgongo kwa mgeni, ahesabu vitufe. Wageni wengi ni watu wa heshima, wanasema asante, mama, basi. Wachache sivyo, na nasikia kuna waliojua kwamba kuharibu lugha ya televisheni ndiyo njia rahisi ya kumleta msichana chumbani usiku. Dada mmoja alikataa kupanda. Akaulizwa kama anachagua kazi. Uganda iliridhia mwaka 2023 Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa mwaka 2019 juu ya ukatili na unyanyasaji kazini. Mkataba huo unamtaka mwajiri azuie hatari kabla haijatokea. Kwa mtambo wa namna ya kwetu lugha ya chumba chochote inaweza kubadilishwa kutoka dawati la mapokezi, bila mtu kupanda ngazi. Kinachotakiwa ni kumpa karani wa usiku ruhusa ya kuingia katika mtambo, na wakubwa wamekataa kumpa kwa kuwa, wanasema, atachezea. Yaani heri dada atumwe chumbani kuliko karani aaminiwe.

Kuna tatizo la akaunti pia. Mfanyabiashara mmoja aliondoka bila kupita mapokezi, akaacha akaunti yake ya filamu wazi. Mgeni aliyefuata akaitumia. Mwenyewe alipogundua akapiga simu kwa hasira, na mtu wa kwanza kuhojiwa alikuwa mhudumu, eti kwa sababu ndiye mwenye ufunguo. Mtambo ule ule ungeweza kuonyesha saa ambayo televisheni ilitumika. Hakuna aliyejisumbua kuangalia mpaka mjumbe wa wafanyakazi aliposhikilia.

Na rimoti zinazopotea? Katika mahoteli kadhaa ya mji huu zinakatwa kwenye mshahara wa mhudumu. Majirani zetu wa Kenya wana sheria ya ajira ya mwaka 2007 ambayo, katika kifungu cha 19, inaruhusu makato ya mali iliyopotea au kuharibika pale tu ambapo mfanyakazi amefanya makusudi. Mgeni akitia rimoti ndani ya sanduku lake akapanda ndege, makusudi yangu yako wapi?

Meneja wetu alipoulizwa juu ya kazi hii ya ziada alijibu kwamba wageni hutoa bakshishi. Ni kweli hutoa, siku nyingine. Mkataba namba 172 wa mwaka 1991, unaohusu mahoteli na mikahawa, umekwisha kulijibu jambo hili: mfanyakazi apate ujira wake wa msingi kwa vipindi maalumu, bakshishi iwepo isiwepo.

Sasa niseme neno juu ya Kiswahili, maana ukurasa huu ni wa Kiswahili. Wageni wengi wa hoteli za katikati ya mji ni wafanyabiashara kutoka Bunia, Goma na Bukavu wanaokuja kununua bidhaa. Tunasema nao Kiswahili tangu mlangoni. Bunge letu liliandika Kiswahili katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, Rwanda nayo ikakifanya lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likapitisha mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Mama mmoja wa Butembo aliniuliza, "Dada, hii televisheni yenu haijui Kiswahili?" Nikamwuliza fundi. Akasema hakuna. Nikafungua mwenyewe ile orodha ndefu ya lugha, kwa kuwa televisheni zetu ni za Android, na humo ndani "Kiswahili" kimeandikwa waziwazi. Hakuna aliyewahi kukitafuta. Tangu siku hiyo mama yule akija huomba apewe ghorofa yangu.

Na lugha si starehe tu. Katika mtambo wetu kurasa za usalama, njia ya kutokea moto ukizuka, zimo ndani ya televisheni. Karatasi iliyokuwa nyuma ya mlango iliondolewa mwaka ule ule kwa ajili ya urembo. Mgeni asiyejua Kiingereza na ambaye lugha yake haikuandikwa mapokezi hana mahali pa kusoma ngazi iko upande gani. Siku ya hatari ni sisi tutakaogonga milango na kupaza sauti kwa lugha tulizo nazo. Karatasi ile irudi, na iwe na Kiswahili na Kifaransa.

Wako wenzetu walioniambia kwamba dawa ni kuupinga mtambo wenyewe. Sikubaliani nao. Mtambo ukifanya kazi sawasawa unaniondolea safari za bure na unamwondolea dada yangu safari za hatari. Ninachopinga ni mtambo ulionunuliwa kwa fedha nyingi kisha ukaachwa utunzwe na watu ambao hawakufundishwa, hawakuongezewa muda, na ndio wanaoandikiwa onyo.

Mapatano ya pamoja ya tawi letu yanafunguliwa tena mwaka huu. Nimeomba yaingizwe humo: kwamba televisheni ni kazi ya mtu aliyetajwa kwa cheo chake, mchana na usiku, kwamba mhudumu akiombwa kuigusa awe amefundishwa na vyumba vyake vipunguzwe, kwamba mtu asitumwe peke yake chumbani kwa mgeni baada ya saa mbili usiku kwa ajili ya televisheni, na kwamba makato ya rimoti yakome. Wakubwa wamejibu kwamba hawana ushahidi wa malalamiko mengi. Basi yeyote mwenye barua ya onyo ya namna hii, au karatasi ya mshahara iliyokatwa rimoti, aipeleke nakala kwa katibu wa tawi lake kabla ya mazungumzo kuanza. Ile ya mwenzetu wa Januari 2024 ipo tayari, na yeye mwenyewe amekubali isomwe.