Dughulushi Nayo Ina Haki ya Kuishi

Simba akionekana karibu na kijiji, simu zinapigwa mpaka wilayani na askari wa wanyamapori wanafika mbio. Mwamba wenye dughulushi, ua dogo la mwituni, ukiachwa wazi juani kule Usambara, nani anampigia nani?

Simba tumemweka kwenye noti ya shilingi 2,000, na Serengeti anakoishi ina zaidi ya kilomita za mraba 14,000. Anastahili, maana naye yumo hatarini. Ninachokataa ni nchi kupima thamani ya kiumbe kwa meno yake.

Mwaka 1892, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul, alimpelekea baba yake Ujerumani ua hili la zambarau. Mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina la ukoo wake: Saintpaulia. Leo linauzwa kwa mamilioni Ulaya na Marekani, kwa kuwa jani moja tu likichomekwa udongoni huotesha mche mpya.

Basi wapo wanaosema ua hilo halina shida, limejaa madukani. Huo ni upotofu! Mahuluti ya kwenye chungu hayawezi kuziba pengo la dughulushi ya mwituni, kama ambavyo simba wa kizimbani hawezi kuziba pengo la simba wa Ruaha.

Tena simba akikosa windo hapa, huenda kule. Dughulushi itaenda wapi? Imeshikilia ufa wa mwamba wenye unyevu, majani yake manene yenye manyoya yakitegemea kivuli cha miti. Ukiangusha mti mkubwa ulio juu yake, jua linaupiga mwamba, unyevu unakauka, majani yanaungua. Zipo aina zinazopatikana sehemu chache mno, hivyo shoka la siku moja laweza kumaliza kizazi kizima. Na misitu ya Usambara Mashariki imekwisha kuonja misumeno ya wapasua mbao, mashamba ya iliki na mashimo ya wachimba dhahabu.

Nasema wazi: huu ni uzembe wetu. Kila mwamba wenye dughulushi uorodheshwe. Serikali za vijiji zitunge sheria ndogo za kulinda miti inayoufunika, na mkulima anayeacha miti hiyo isimame alipwe kwa ulinzi wake, kama askari wa hifadhi anavyolipwa. Wabunge wa Tanga, kwenye bajeti ijayo simameni mlitetee ua hili!