Kisangani: Besi ikizidi, habari inapotea

Kisangani, Tshopo – Jioni katika komini ya Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, redio moja inaweza kusikilizwa na jamaa tatu. Kati yao wamo wahami waliokimbia mapigano ya jamii za Mbole na Lengola, yaliyoanza Februari 2023. Wanangojea habari za kijijini.

Lakini mara nyingi mwenye redio amepandisha besi hadi mwisho. Kwa rumba, sawa: gitaa la besi ndilo linalobeba dansi. Kwa habari ni kosa. Besi nyingi inafunika maneno. Herufi kama s, f na t zinasikika katika sauti nyembamba, ile ya trebo. Trebo ikishushwa, hizo ndizo zinapotea kwanza. Mtangazaji akisema "musirudi", aliyekaa nyuma anaweza kusikia "murudi". Kwa familia iliyokimbia vita, tofauti hiyo ni uhai.

Dawa yake haina bei. Saa ya habari, besi ishuke chini ya katikati, trebo ipande kidogo tu. Ikizidi, sauti inakwaruza masikio. Redio iondolewe kwenye kona ya nyumba, kwani kuta zinaongeza besi. Hata betri zitadumu zaidi, maana besi inakula nguvu nyingi.

Habari zikiisha, besi irudishwe, watu wacheze. Lakini kwanza wasikie vizuri.